Meja Aliyetaka Kutokea Mlango wa Mbele: Kisa cha Fetisov na CSKA

Mapema mwaka 1989, beki wa Kisovyeti aliyehesabiwa na wengi kuwa bora kuliko wote katika hoki ya barafuni hakuwa na timu. Hakuwa majeruhi wala hakuwa na adhabu ya uwanjani, na umri wake ulikuwa miaka 30 tu. Vyacheslav Fetisov, bingwa wa Olimpiki mara mbili na mwenye Nishani ya Lenin kifuani, alikuwa akijifua kivyake kwa sababu alikuwa ametangaza gazetini kwamba hataki tena kuchezea timu ya kocha Viktor Tikhonov. Miezi michache baadaye alikuwa bingwa wa dunia chini ya kocha huyohuyo. Msimu uliofuata alikuwa New Jersey, Marekani, akilipwa kwa dola.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya shujaa mmoja aliyeishinda serikali peke yake. Kinavutia kikisimuliwa hivyo, lakini hakielezi kwa nini wakubwa walilegeza msimamo mwezi wa Aprili na si Januari. Barua, mahojiano na vikao havikumtoa Fetisov. Waliomtoa ni wachezaji wenzake, kwa kuwagomea wakubwa wakati nchi ilipowahitaji kuliko siku nyingine yoyote. Na wenzake hao walishikamana kwa sababu Tikhonov mwenyewe aliwalea wacheze kama mtu mmoja.

Askari wanaocheza

CSKA ya Moscow, klabu ya Fetisov, ilikuwa klabu ya jeshi la Kisovyeti, chini ya Wizara ya Ulinzi. Msomaji anayezifahamu Ulinzi Stars, JKT au APR ataelewa nusu ya mambo papo hapo: mchezaji ana cheo, ana namba ya jeshi, na uhamisho wake ni suala la amri kabla halijawa suala la usajili. Nusu ya pili ni ukubwa wa mkono wa klabu yenyewe. Kwa kuwa kila kijana wa Kisovyeti alipaswa kwenda jeshini, klabu ya jeshi ilikuwa na njia rahisi ya kumpata chipukizi yeyote iliyemtaka. Sergei Makarov alitoka Chelyabinsk, Alexei Kasatonov Leningrad, Igor Larionov alitoka Khimik ya mji mdogo wa Voskresensk. Fetisov na Vladimir Krutov walikulia CSKA kwenyewe. Haishangazi kwamba klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi mara 13 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1989. Ligi ya namna hiyo, kusema kweli, ilikuwa na ladha gani kwa mashabiki wa timu nyingine?

Mpango huu ulikuwa na faida nyingine. Olimpiki ya wakati huo ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa, na kwenye makaratasi mchezaji wa CSKA hakuwa mchezaji wa kulipwa hata kidogo. Alikuwa mwanajeshi anayelipwa mshahara wa kijeshi, ambaye kwa bahati nzuri alipangiwa kazi ya kuteleza barafuni asubuhi, mchana na jioni. Kufikia mwaka 1988 Fetisov alikuwa meja. Umeja ulimpa heshima, nyumba na marupurupu. Ulimfunga pia: ofisa hatoki jeshini kwa kuandika barua ya kuacha kazi na kumkabidhi karani wa klabu. Anatoka pale wizara inapotaka atoke.

Tikhonov aliingia mwaka 1977 akitokea Dinamo Riga, akapewa CSKA na timu ya taifa kwa pamoja. Ofisi hizo mbili kukaliwa na mtu mmoja ni jambo zito, maana mchezaji aliyekosana na kocha wa klabu hakuwa na kocha wa taifa wa kumkimbilia. Kambi ilikuwa Arkhangelskoye, nje kidogo ya Moscow, na wachezaji waliishi humo sehemu kubwa ya mwaka, hata wenye wake na watoto ambao nyumba zao zilikuwa mwendo mfupi wa gari. Ukitazama makombe, kocha huyu ana la kujibu. Baada ya fedheha ya Olimpiki ya mwaka 1980 kule Lake Placid, ambako timu yake ilifungwa na vijana wa vyuo vya Marekani, aliisuka upya, akatwaa dhahabu ya Sarajevo 1984 na ya Calgary 1988. Mwaka 1981, kwenye fainali ya Kombe la Kanada mjini Montreal, timu yake iliwachapa Wakanada mabao 8 kwa 1.

Watano

Hapa inabidi nieleze kidogo mchezo wenyewe, la sivyo mgomo wa Aprili hautaeleweka.

Timu huwa na watu sita barafuni: golikipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Kasi yake haivumiliki kwa muda mrefu, kwa hiyo wachezaji hubadilishana kila baada ya dakika moja au chini ya hapo. Timu za Kanada na Marekani zilikuwa na desturi ya kubadilisha mabeki kivyao na washambuliaji kivyao. Wasovyeti walipanga watu watano kama kikosi kimoja: wanaingia pamoja, wanatoka pamoja, wanafanya mazoezi wakiwa na jezi za rangi moja. Kikosi cha kwanza cha CSKA kilivaa kijani. Fetisov na Kasatonov nyuma; Krutov, Larionov na Makarov mbele.

Tazama walivyocheza. Mkanada akifika katikati bila kuona upenyo, alikirusha kile kisahani cha raba nyuma ya goli la mpinzani, kisha watu wakakifuata na kugongana mabega ukutani. Hawa watano wakikosa upenyo, walirudi nacho nyuma bila aibu yoyote. Larionov anakituliza, anangoja. Makarov anakata kutoka kulia kuelekea kushoto, Krutov anapishana naye, mabeki wa upande wa pili wanaanza kugeuza shingo, na katika ule mkanganyiko mtu wa nyuma kabisa, Fetisov, anatokea mbele akiwa hana mtu wa kumkaba. Larionov anampa pasi bila kumtazama. Kuzoeana kwa namna hiyo hakupatikani katika wiki mbili za maandalizi. Kulitokana na miaka mingi ya kula, kulala na kuteseka pamoja Arkhangelskoye.

Klabu za NHL, ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada, ziliwaona na kuwatamani. Montreal ilimchagua Fetisov akiwa wa 201 kwenye drafti ya 1978, yaani zamu ya klabu kugawana haki za kusajili wachezaji, na New Jersey Devils ikamchagua tena mwaka 1983 katika raundi ya nane. Msidanganywe na namba hizo kubwa. Hakuna aliyekuwa na shaka na uwezo wake. Klabu zilikuwa zikikata tiketi ya bahati nasibu, zikiombea kwamba siku moja Moscow itafungua mlango.

Danadana za mwaka 1988

Gorbachev, kiongozi wa Kisovyeti, alipoanza kulegeza kamba, watu walianza kusema. Kwa maelezo ya Fetisov, aliahidiwa kwamba baada ya Calgary ataruhusiwa kwenda. Calgary ikapita, dhahabu ikarudi Moscow, yeye akavishwa Nishani ya Lenin. Lou Lamoriello, meneja mkuu wa Devils, akaanza kufuatilia. Kisha danadana zikaanza: leo subiri hiki, kesho muone yule.

Oktoba mwaka huo Larionov alichapisha barua ya wazi kwa Tikhonov katika jarida la Ogonyok. Alilalamikia maisha ya kambi, ubabe wa kocha na familia zinazoishi bila baba. Tuelewane hapa: wanajeshi hawakuwa na mazoea ya kumwandikia mkubwa wao barua ambayo nchi nzima itaisoma. Miaka mitano nyuma, barua hiyo isingevuka meza ya mhariri. Hata hivyo haikubadilisha ratiba ya mazoezi hata kwa siku moja.

Mwishoni mwa Desemba CSKA ikaenda kucheza mechi za kirafiki na timu za NHL. Tarehe 2 Januari 1989 ilikuwa New Jersey, ikawafunga Devils 5 kwa 0, mbele ya mashabiki walioambiwa kwa muda mrefu kwamba Fetisov atakuwa wao. Ziara ikaisha, naye akarudi Moscow na wenzake. Ndipo maji yalipomfika shingoni. Mwezi huohuo alizungumza na gazeti la Moskovsky Komsomolets, akasema hataki tena kucheza katika timu ya Tikhonov.

Yaliyofuata ameyasimulia mwenyewe mara nyingi. Simu zilikauka, milango ya viwanja vya mazoezi ikafungwa, watu waliokuwa wakimchangamkia mtaani wakaanza kumpita kama hawamfahamu. Anasema aliitwa mbele ya Waziri wa Ulinzi, Jenerali Dmitry Yazov, akafokewa na kutishiwa kupelekwa Siberia. Hii ni kauli ya upande mmoja, na isomwe hivyo. Lakini kwamba mzozo wa kocha na beki wake ulifika hadi kwa waziri wa taifa lenye silaha za nyuklia kunaonyesha hoki ilikuwa ya nani.

Njia tatu alizokuwa nazo

Ya kwanza ilikuwa kutoroka. Timu ilikuwa ikisafiri, Devils walikuwa wanamtaka, na Marekani isingemrudisha. Gharama yake ni kwamba ofisa anayetoroka huitwa msaliti, na familia inayobaki nyuma ndiyo inayolipa. Fetisov aliikataa njia hii tangu mwanzo na hakuigeukia hata alipokuwa amekaliwa kooni. Alitaka kuondoka akiwa na pasipoti yake mkononi na haki ya kurudi kwao.

Ya pili ilikuwa kupitia Sovintersport, shirika la serikali lililoshughulikia mikataba ya wanamichezo nje ya nchi. Mchezaji anakwenda, klabu ya nje inalipa kwa fedha za kigeni, shirika linachukua sehemu kubwa na mchezaji anaachiwa kinachobaki. Hapa ndipo ninapoona kiini cha ugomvi, na hapa ndipo wasimulizi wengi hupita haraka wakikimbilia habari ya uhuru. Serikali ya wakati ule ilikuwa na njaa ya dola. Haikuwa na shida kubwa ya kumwachia mchezaji aende, ilitaka kumkodisha. Fetisov aligoma kukodishwa. Alisema mkataba ni wake na mshahara ni wake.

Ushahidi wa hilo ni Sergei Priakin. Machi 1989, Fetisov akiwa bado hana pa kufanyia mazoezi, Priakin aliruhusiwa kwenda Calgary Flames, akawa Msovyeti wa kwanza kupewa baraka rasmi za kucheza NHL akiwa bado na uwezo wa kuchezea taifa. Alikuwa mshambuliaji wa kawaida wa Krylya Sovetov, klabu ya vyama vya wafanyakazi. Hakuwa ofisa wa CSKA, na timu ya taifa isingeyumba bila yeye. Kwa hiyo hoja kwamba kucheza kwa mabepari ni dhambi ilikuwa imeshakufa. Kilichobaki ni hesabu ya nani anahitajika na nani atachukua hela.

Ya tatu ilikuwa kunywea, kuomba radhi na kungoja uzee barafuni. Tikhonov angempokea. Nadhani wengi wetu tungechagua hii.

Stockholm

Mashindano ya dunia yalipangwa kuanza Stockholm katikati ya Aprili. Kabla ya safari, Larionov, Makarov, Krutov na wenzao kadhaa walikwenda kwenye televisheni na kusema kwamba kama Fetisov hayupo, nao hawaendi.

Pima mwenyewe nguvu ya maneno hayo. Kumfungia beki mmoja ni rahisi: unaweka mwingine, unasema huyu wa zamani amevimba kichwa. Kuifungia safu nzima ya kwanza wiki chache kabla ya mashindano ni kuukabidhi ubingwa kwa Kanada au Sweden, na kisha uwaeleze wakubwa kwa nini. Tikhonov alikuwa na cheo na alikuwa na waziri nyuma yake, lakini hakuwa na watano wengine. Hakuna aliyekuwa nao. Fetisov akaitwa, wakaenda, wakashinda mechi zote 10 na kutwaa dhahabu.

Kuna mtu mmoja aliyekosekana katika mgomo huo, na ni sehemu chungu zaidi ya kisa chote. Kasatonov, aliyecheza ubavuni mwa Fetisov kwa miaka kumi, hakusimama naye. Alibaki upande wa kocha. Wapo wanaomwita msaliti, mimi nasita. Alikuwa ofisa aliyetii amri, na kama mambo yangeharibika, leo tungekuwa tunamsifu kwa busara. Hata hivyo urafiki ulikufa. Ajabu ni kwamba naye alichaguliwa na Devils mwaka uleule wa 1983, na mwishoni mwa 1989 akatua New Jersey. Wakajikuta mabeki wawili wasiosalimiana, ndani ya chumba kimoja cha kubadilishia nguo, ugenini.

Stockholm ilitoa na mfano wa ile njia ya kwanza. Mara tu baada ya kombe, kijana Alexander Mogilny, mwenye miaka 20, aliwapiga chenga walinzi wa msafara na kuondoka na viongozi wa Buffalo Sabres, klabu ya NHL. Kwao alihesabiwa mtoro wa jeshi. Meja Fetisov alikuwa katika mji huohuo, na nafasi ileile. Akapanda ndege ya kurudi Moscow na wenzake.

Kiangazi hicho mlango ukafunguka. Fetisov aliachiwa na jeshi, akasaini na Devils bila Sovintersport kumkalia juu ya mshahara. Larionov na Krutov walikwenda Vancouver, Makarov Calgary, Sergei Starikov New Jersey, golikipa Sergei Mylnikov Quebec. Hao wengine kwa jumla walipitia mikono ya shirika. Larionov alichukizwa na makato hayo kiasi kwamba mkataba wake wa miaka mitatu ulipokwisha mwaka 1992, alikwenda kucheza Lugano, Uswisi, ili klabu ya NHL isiendelee kulipia jina lake huko Moscow. Msimu uliofuata akarudi NHL, San Jose.

Walichokikuta huko

Uhuru haukuwa na matokeo ya aina moja. Makarov alitawazwa mchezaji chipukizi wa mwaka 1990 akiwa na miaka 31, jambo lililowakera Wamarekani hadi wakabadilisha kanuni na kuweka kikomo cha umri. Krutov, ambaye kwa nguvu na shabaha pengine ndiye aliyetisha kuliko wote, alinenepa, akapoteza dira, akacheza mechi 61 za Vancouver na kuachwa. Alifariki mwaka 2012. Wanaomtetea Tikhonov humtaja Krutov kama shahidi wao: tazameni, bila kambi ameporomoka. Mimi nasoma kinyume. Mtu aliyepangiwa saa ya kula na saa ya kulala tangu ujanani, halafu akatupwa katika mji asiojua lugha yake, hakuwahi kufundishwa kujiongoza. Kambi ilimtengeneza hivyo.

Fetisov naye alihangaika. Wachezaji na mashabiki wengi hawakufurahia kuona Mrusi akichukua nafasi ya mwenyeji, wapinzani walimpania, na Devils walicheza ule mchezo wa kurusha na kukimbiza ambao haukuwa wake. Pointi 42 (mabao na pasi za mabao) za msimu wa kwanza si haba, lakini yule beki wa mwaka 1987, aliyewasumbua nyota wa Kanada akina Gretzky na Lemieux katika mechi tatu za fainali ya Kombe la Kanada zilizoisha kila moja kwa 6 kwa 5, Wamarekani hawakumwona. Serikali ilikuwa imeila miaka yake bora.

Walimwona kwa kivuli mwaka 1995, katika klabu ya Detroit, wakati kocha Scotty Bowman alipowaweka pamoja Warusi watano: Fetisov, Larionov, Sergei Fedorov, Vyacheslav Kozlov na Vladimir Konstantinov. Ghafla kisahani kikaanza kurudi nyuma tena, watu wakipishana, mabeki wakigeuza shingo. Timu ilishinda mechi 62 msimu huo, na tarehe 7 Juni 1997 ikatwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL. Nahodha Steve Yzerman alipomaliza kulizungusha, alimkabidhi Fetisov, mwenye miaka 39. Fetisov akamwita Larionov, wakalishika wote wawili. Siku sita baadaye ajali ya gari ilimjeruhi Fetisov na kumwachia Konstantinov ulemavu wa maisha.

Hukumu juu ya Tikhonov si nyepesi kama wengi wanavyotaka. Mwaka 1992, nyota wake wengi wakiwa wameshaondoka, alichukua kundi la vijana akatwaa dhahabu ya Olimpiki kule Albertville. Ukocha aliujua. Alichokosea ni kudhani kwamba mtu mzima mwenye miaka 30, mke na nishani bado ni kuruta.

Fetisov mwenyewe alikuja kuwa mkubwa wa michezo wa Urusi kuanzia 2002, kisha seneta. Akiwa seneta alipendekeza wanamichezo vijana wazuiwe kwenda kucheza nje hadi wafikishe miaka 28, kwa hoja kwamba nchi imewekeza kwao. Hoja hiyo si ngeni. Kule Arkhangelskoye hoja hiyohiyo ilitumika kwa miaka mingi. Kama pendekezo hilo lingekuwa sheria mwaka 1989, yeye, Makarov na Larionov wangeruhusiwa kupita kwa sababu ya umri. Mogilny angebaki mtoro.